Kidevu

Saa kumi na mbili na robo, Nkuhungu,
jua halijapata vumbi la kuvaa.
Nasimama dirishani na kioo cha mkono
na kibano cha mia tano kutoka soko la Majengo.
Taa ya bafuni hunisitiri; jua la Dodoma halina siri.
Mmoja. Wa pili. Ule wa pembeni uliojikunja chini ya ngozi
kama nyoka aliyesikia hatua.
Saa mbili niko Mtumba, kaunta ya masjala,
mkono chini ya kidevu.
Watu wanadhani ninafikiri.

Daktari Chilongani, ghorofa ya pili, Area D,
alinichorea nyuma ya bahasha.
Upande mmoja leza: mwanga unaotafuta weusi,
unashuka na unywele hadi shinani, unaunguza.
Kidevu kizima kwa robo saa. Mara sita, mara nane,
kila mara laki na ishirini.
"Ila ngozi yetu nayo ni nyeusi," akasema,
"mashine lazima ijue kutofautisha.
Ukiangukia fundi wa kubahatisha, utabaki na madoa."
Upande wa pili sindano, nyembamba kama unywele wenyewe:
inaingia kitunduni, umeme unapita, shina linakufa.
Mmoja. Halafu mwingine. Halafu mwingine.
"Hauoti tena?"
"Ukifa shina, hauoti."
"Ninazo ngapi?"
Akacheka kwa adabu. Hakuhesabu.

Usiniambie haraka haina baraka.
Nimesubiri tangu kidato cha tatu,
tangu mwalimu wa zamu aliposema mbele ya paredi,
"Wewe, umeanza kuwa baba yako?"

Baba yangu analima zabibu Mpunguzi.
Nilimpigia, sikumwambia, nikauliza habari za ndago.
"Ndago? Ukichoma moto, juu panakuwa peupe,
unafurahi mpaka mvua ya kwanza.
Dawa yake ni kuchimbua punje mojamoja, mgongo uume."
Akanyamaza.
"Lakini mwanangu, nani ana mgongo wa ekari mbili?"
Nikasema mtandao unasumbua.

Shangazi Talesi, wa Mvumi, alinyoa kwa wembe
nyuma ya zizi, jioni, akiona aibu mbele ya mbuzi,
mbuzi, ambao jike kwa dume wana ndevu
na hakuna aliyewahi kuwauliza.
Alipokufa tulimwosha, mimi na binti zake.
Siku tisa za hospitali zilikuwa zimeota kidevuni, nyeupe.
Binti mkubwa akatoka, akarudi na wembe.
Hakuna aliyesema neno.
Tukamnyoa.

Jumapili nimeketi na bahasha, kikokotoo, kioo.
Laki na ishirini mara nane.
Elfu thelathini kwa saa, mara Mungu anajua.
Na umeme wa mtaa wetu, unaokatika wali ukiwa nusu,
sindano ikiwa ndani, itakuwaje?
(Niliuliza. Wana jenereta.)
Nikainamisha kioo. Jua likagonga kidevu,
na katikati ya nyeusi nikaona tatu zinazong'aa.
Mvi.
Leza haizioni. Mwanga utazipita
kama karani wa sensa anavyopita nyumba isiyo na namba.
Nina miaka arobaini na miwili; mwakani zitakuwa tano, sita.

Basi nimeandikishwa sindano, Alhamisi, saa tisa,
saa moja tu, "tuone unavyostahimili."
Nyeusi nitazipa mwanga baadaye, mshahara ukiruhusu,
au sitazipa.
Hizi tatu nataka niwe macho zikiondoka,
nisikie kila mmoja unavyochoma na kuachia.
Ila ule wa chini, karibu na koo,
mahali palepale wembe ulipokwama kwa Talesi,
sijui.
Tukifika hapo huenda nikamwomba fundi apumzike kidogo,
anywe maji.